Deki ya Ihanja

Yasinta alishuka Shelui akiwa na begi moja la nguo na kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, maana meza yangu ya chai ilikuwa pale pale mabasi yanaposimama, na mtu anayeshuka huja kwangu kabla hajaenda kokote. Aliniamkia, akanywa chai ya rangi na vitumbua, kisha akaniuliza kama kuna mtu Shelui anayetengeneza redio za magari.

"Yupo wa kuchaji betri," nilimwambia. "Wa redio hakuna."

"Basi nitakaa," alisema.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vinamiminika. Kila dereva alikuwa na kitu kipya kutoka Dubai. Malori ya Rwanda, ya Burundi, ya Kongo, yote yalipumzika kwetu, yanayotoka Nzega yakipoza injini kabla ya kuupanda mlima Sekenke, yanayoshuka yakipoza breki. Zamani dereva alikuwa na redio ya kaseti tu. Sasa wakaanza kufunga deki za DVD kwenye dashibodi, na wengine walikuwa na zile ndogo za kukunja kama kitabu, unaiweka mapajani, unaangalia picha huku tingo, msaidizi wako, anafua nguo chini ya lori.

Na vitu hivyo viliharibika. Vumbi la huku kwetu halina huruma, na barabara wakati ule ilikuwa lami kidogo, mashimo mengi. Yasinta aliweka meza yake jirani na yangu, chini ya paa la bati alilokodi kwa muuza mafuta ya alizeti. Juu ya meza aliweka pasi ya kuchomea risasi, ile ya kuungia nyaya, mita ya kupimia umeme, pamba, chupa ya spiriti na lile kopo lake la skrubu. Watu walikuja kwanza kumwangalia, kwa sababu hawajawahi kuona fundi wa kike. Baadaye walikuja kwa shida zao.

Hakuwa na papara ya kufungua kitu. Aliuliza kwanza, kama nesi. Inasikika lakini haionyeshi, au inaonyesha lakini haisikiki? Ilianza ulipotoka kwenye barabara mbaya, au ulipobadilisha betri? Dereva mmoja alikuja analalamika kwamba deki yake mpya inaonyesha maandishi ya onyo tu na haitoi picha gari likitembea. Yasinta alimwambia deki hizo zimeunganishwa na breki ya mkono, zinataka uegeshe gari kwanza.

"Sasa nikate huo waya?" dereva akauliza.

"Ukiukata utaangalia sinema ukiwa katikati ya Sekenke," alisema. "Mimi siukati. Egesha gari."

Wengi walikuwa wameunganisha deki ya betri moja kwenye umeme wa lori, ambao ni wa betri mbili, na ndani pameungua. Hao aliwapa pole tu. Lakini ugonjwa uliokuja mara nyingi ni deki kukataa kusoma. Unaweka diski, inazunguka, inanguruma, halafu inakuandikia kwamba haioni kitu. Yasinta alikuwa anasema, "Usimlaumu mgonjwa. Jaribu diski nyingine kwanza. Ikikubali, ugonjwa uko kwenye diski. Ikikataa, tuangalie jicho." Jicho ni ile lenzi ndogo kama punje ya mtama inayosoma diski. Aliipangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo sana, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo.

Nilikaa naye jirani muda mrefu kabla ya kujua kwamba ana mtoto.

Nilijua siku basi la kutoka Manyoni liliposimama na kondakta wake, kijana mmoja mpole aitwaye Raymond, akamkabidhi kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Yasinta alikifungua polepole. Ndani mlikuwa na deki ndogo ya kukunja, rangi ya fedha, imechubuka pembeni. Aliipakata bila kuiwasha. Kisha aliinua ile kanga akainusa, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye begi lake.

Nikamuuliza, "Ya nani hiyo?"

"Ya mama mkwe wangu, Ihanja," alisema. "Anakaa na Loyce wangu."

Siku hiyo alinisimulia, nami nasimulia kama alivyonieleza.

Yasinta alizaliwa Itigi, baba yake alikuwa mtu wa reli, anatengeneza nyaya za simu za stesheni. Reli ilipoanza kulegea na watu kupunguzwa kazini, baba alirudi nyumbani na kufuga nyuki, na Yasinta alikwenda Singida mjini kutafuta maisha. Pale Utemini alimkuta fundi wa umeme wa magari, mzee Alute, akamwomba afagie karakana yake ili apate kuangalia. Aliangalia mpaka akapewa pasi ya risasi mkononi. Hapo Utemini ndipo alipokutana na Naftali, dereva wa gari la kubeba alizeti, kijana wa Ihanja, mcheshi, aliyekuwa anakuja na redio nzima akidai ni mbovu. Walifunga ndoa kanisani kwa kina Naftali, ngoma ikachezwa uwanjani mpaka jioni, na mpiga picha wa video alikodiwa kutoka mjini.

Loyce alikuwa ndiyo kwanza anatembea Naftali alipougua. Aliugua homa, akapona, akaugua tena, na safari hii hakuinuka. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, Magdalena.

Baada ya msiba, Yasinta alikuwa anajiandaa kurudi Utemini, mtoto mgongoni. Magdalena alimfuata mpaka kwenye njia. Hakulia. Alisema, "Mama Loyce, mjini unalala kwenye chumba cha kupanga na kutwa uko juani. Niachie huyu mpaka utakapopata pa kukaa. Nyumba hii haijawahi kuwa kimya hivi."

Yasinta alimwachia. Alifikiri ni kwa msimu mmoja wa mvua.

"Nilipopata pa kukaa," aliniambia, "nilikwenda kumchukua. Nilimkuta bibi yake anamsuka. Mtoto kalala mapajani, bibi anaimba kwa Kinyaturu, uso wa mtoto ni wa Naftali mtupu. Nilikunywa uji, nikaaga, nikarudi. Sikuweza kusema."

Badala ya kusema, aliwapelekea deki. Alimnunulia dereva mmoja vifaa, naye akamwachia deki yake ndogo iliyokufa, Yasinta akaifufua. Ihanja hapakuwa na umeme, kwa hiyo aliifungia waya wa kuunganisha na betri ya gari, na betri ilichajiwa mashineni kwa msaga nafaka. Alichoma diski ya harusi kwa fundi wa mjini kutoka kwenye kanda ya mpiga picha. Magdalena akawa anaiweka mezani Jumapili baada ya ibada, anakaa na kanga mabegani, anamwangalia mwanawe akicheza. Majirani walizoea kuingia na kukaa naye.

Mara ile ya kwanza Raymond alipoileta, deki ilikuwa mbovu kweli. Tundu la kuingizia waya lilikuwa limelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa, ukiugusa waya picha inakuja, ukiuacha inakata. Yasinta alilichomea upya kwa dakika chache, akaijaribu, ikashika. Lakini hakumpa Raymond. Alisema ndani ya basi watu wataikalia. Aliniachia meza yake niiangalie, akapanda yeye mwenyewe.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alinieleza kwamba Loyce alimuona toka mbali akiwa na ndoo ya maji kichwani, na badala ya kukimbia alisimama, maji yakimchirizika usoni, akaamkia kwa adabu kama anaamkia mwalimu. Lakini usiku alilala kamshika mama yake sikio. "Sikio," alirudia Yasinta, akicheka kidogo. "Sijui aliliona wapi hilo."

Haukupita muda mrefu, Raymond akaleta kifurushi tena.

Safari hii diski ilikuwa haizunguki. Yasinta aliifungua, akaona ganda la alizeti limekwama chini ya kile kitovu kinachoshika diski. Alilitoa kwa kibano. "Nyumba ya mkulima," alisema. "Alizeti inaingia kila mahali." Akaenda nayo mwenyewe. Akarudi na kuku na habari. Loyce amejua kusoma. Loyce anaogopa mbuzi dume. Loyce amemuuliza kama Shelui ni mbali kuliko mbinguni, kwa sababu baba yake yuko mbinguni na anaonekana kila Jumapili.

Hilo la mwisho alilisema akiwa ameinamia kazi. Nilimmiminia chai.

Mara ya tatu ndipo alipojua. Deki ilikuja ikiwa inakataa kusoma diski yoyote. Alijaribu ya kwake, ikakataa. Akafungua mfuniko, akawasha kurunzi ndogo, akainama kuangalia jicho. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani ameona nyoka.

"Mama Petro," aliniita. "Njoo uangalie."

Juu ya lenzi palikuwa na mafuta ya kujipaka, yale ya mgando yenye harufu ya waridi, na kwenye mafuta yale palikuwa na alama ya kidole. Kidole kidogo mno, mistari yake unaweza kuihesabu.

"Mtoto kachezea," nilisema.

"Mtoto kachezea, ndiyo," alisema. "Ganda la alizeti pia halikuingia lenyewe. Lilikuwa limesukumwa. Mimi niliona, nikajifanya sijaona." Alichukua pamba, akailowesha spiriti, halafu akairudisha mezani. Ilipita saa nzima hajaipangusa ile lenzi. Wateja walikuja akawaambia wasubiri. Alikuwa anakiangalia kile kidole.

Jioni tulipokuwa tunafunga alisema, "Nikienda, nitakuwa namfundisha kwamba akiharibu nakuja. Na kila anapoharibu, bibi yake hamuoni mwanawe. Yule mama hana picha nyingine ya Naftali inayotembea. Nitakuwa natengeneza huku naharibu kule."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitampa Raymond aipeleke. Loyce atajua kwamba haisaidii, ataacha."

Akafanya hivyo. Aliipangusa lenzi, akaifunga deki kwenye ile kanga ya kwanza, akafunga na pipi na daftari za shule, akamkabidhi Raymond. Basi lilipoondoka alilisindikiza kwa macho mpaka likaanza kuupanda mlima. Siku zilizofuata alikuwa anafanya kazi kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Dereva akimweleza ugonjwa, anamwomba arudie. Kila basi la kutoka Manyoni likisimama anaacha pasi ya risasi mezani na kusimama. Raymond anatikisa kichwa, hakuna kifurushi. Yeye ndiye aliyetaka kusiwe na kifurushi, lakini nilivyomuona akirudi kukaa, nilijua alitamani kingekuwepo.

Kilichokuja mwishowe ni maneno. Raymond alishuka, akanywa chai kwanza, hiyo ikanipa wasiwasi. Kisha akasema, "Dada Yasinta, bibi kasema nikwambie deki ni nzima. Lakini diski imekufa. Kasema hivyo tu."

Yasinta alikuwa ameshika kisu cha kukatia waya. Alikiweka chini. Ile kanda ya harusi haikuwepo tena, maana mpiga picha alikuwa amehamia Mwanza na kabla ya kuhama alirekodia juu yake harusi nyingine. Diski ya Ihanja ilikuwa moja tu. Fundi wa vitu vya watu, mwenye kusisitiza kila dereva achome nakala, hakuwa amechoma nakala ya kwake.

Alipanda basi lile lile likirudi.

Alimkuta Magdalena amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anapepeta mtama. Yasinta alipiga goti akaamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Loyce. Umefika. Pole na njia."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani. Tangu juzi yuko ndani."

Diski ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kushona kwa mkono. Yasinta aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa imekwaruzwa kwa kitu kigumu, kuzunguka, kama mtu aliyechora mduara. Alipitisha ukucha juu yake. Ukucha ulikwama mahali pengine na mahali pengine haukukwama, na hapo akapata tumaini kidogo, kwa sababu mkwaruzo usioshika ukucha unaweza kupona.

Aliomba dawa ya meno. Alipiga magoti pale mlangoni, diski juu ya kanga, akaanza kupaka na kupangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, wala si kwa kuzungusha, maana kuzungusha huongeza mkwaruzo. Magdalena alisogeza kigoda akakaa karibu naye. Kwenye mlango wa chumba alisimama Loyce, mgongo ukutani, anaangalia mikono ya mama yake. Yasinta alimwona, akaendelea kupangusa, kwa sababu aliogopa kwamba akiinuka atamkumbatia, na akimkumbatia diski haitashughulikiwa tena.

Jua lilipoanza kuingia mlangoni aliisuuza kwa maji safi, akaikausha, akaiweka kwenye deki na kuunganisha waya na betri.

Ilizunguka. Ilinguruma. Ikasita, halafu picha ikaja. Kanisa, watu wakitoka, akina mama wakipiga vigelegele, Yasinta mwembamba mwenye shela, Naftali na suti iliyompwaya. Uwanjani, ngoma. Naftali anavua koti, anamrushia mtu, anaingia katikati, anageuka kuelekea kwenye kamera, anaanza kucheka. Hapo picha ikaganda. Uso wake ukavunjika vipande vipande vya mraba, mdomo umefunguka, kisha deki ikaruka mpaka mwisho, watu wanafungasha viti.

Yasinta aliirudisha, akajaribu tena. Ikaganda pale pale. Akapaka tena, akapangusa tena, akajaribu. Pale pale.

"Basi," alisema Magdalena. "Inatosha. Mpaka hapo nimemuona."

Loyce ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, kutoka pale ukutani. "Bibi, ni mimi."

Akaendelea. "Nilikwaruza kwa msumari. Mafuta pia ni mimi. Na alizeti. Nilitaka deki iumwe tu. Sikujua kama baba ataharibika."

Yasinta aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajasikia neno lililomkata kama lile. Alitaka kumkaripia, kwa sababu ndivyo mzazi anavyopaswa mbele ya mkwe. Alifungua mdomo. Magdalena akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Mimi nilijua."

"Ulijua, mama?"

"Mafuta ni ya kwangu. Nikiona yamechokolewa, kesho yake deki inakataa. Mimi ni mzee, sijawa mjinga." Alimwita Loyce, mtoto akaja akasimama kati ya magoti yake. "Kila deki ikikaa mwezi mzima salama, huyu anaacha kula. Ikiharibika, anaoga mwenyewe na kufagia uwanja, kwa sababu mama yake anakuja. Nilikuwa namfungia Raymond kifurushi kwa mikono yangu, nikijua hakuna fundi anayehitajika. Nilisema, Jumapili moja bila Naftali naweza kuvumilia. Mtoto kutokula siwezi."

"Kwa nini hukuniambia nimchukue?"

Magdalena alimrudishia Loyce vinywele vilivyochomoka kwenye mstari. "Kwa sababu ungemchukua," alisema.

Yasinta alilia hapo, na yule mama naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Loyce aliwaangalia akashangaa, akaenda kuleta maji kwenye kikombe, akampa bibi kwanza, halafu mama.

Walikula ugali wa mtama na mlenda, na baada ya kula ndipo walipozungumza kama watu wazima. Magdalena hakusema mchukue, na Yasinta hakusema ninamchukua. Walizungukazunguka jambo lile kama watu wanaobeba kabati mlangoni. Shule ya Ihanja Loyce ameizoea. Shelui kuna malori. Nani atampikia mtoto wakati mama yuko mezani. Nani atamsomea bibi Biblia, maana macho yameanza kufifia. Mwishowe Magdalena alisema, "Shule ikifungwa, aje kwako. Ikifunguliwa, arudi. Mpaka nitakapokuwa siwezi kuchota maji. Hapo tutaangalia tena." Yasinta alikubali. Haikuwa alichokuwa anakitamani miaka yote ile, lakini alikuwa ameshaona kwamba alichokitamani kingemwacha mtu mwingine na kigoda na ukimya.

Likizo ya mwezi wa sita Loyce alishuka Shelui akiwa ameshikwa mkono na Raymond. Aliniamkia vizuri, nikampa kitumbua. Yasinta alikuwa amepaka chokaa chumba chake, amenunua godoro dogo na vyombo vya rangi. Kwa wiki nzima hakumruhusu mtu amtume mtoto. Alimweka kwenye stuli pembeni ya meza, akamwonyesha diski zinavyoshikwa kwa ukingo, akamwonyesha jicho, akamwambia hapa hapaguswi kwa kidole. Loyce aliinamisha kichwa kwa aibu na sisi wote tukacheka, naye pia.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, kwa furaha. Lakini wiki ya pili mtoto alianza kuchelewa kumaliza chakula. Alikuwa anakaa anaangalia barabara, upande wa Singida, na akiona basi anauliza limetoka wapi. Alimuuliza mama yake kama bibi anajua kuunganisha waya kwenye betri peke yake. Alimuuliza kama mbwa wa bibi anakumbuka watu. Siku moja nilimkuta ameijaza mikono yake mafuta ya kujipaka, anainusa tu. Yasinta alimuona pia. Alikuwa anachomea waya wa spika ya lori la Kigali, akaacha mpaka risasi ikadondoka juu ya meza.

"Amefika," aliniambia baadaye, anaosha mikono. "Nimemsubiri miaka yote, amefika, na ameuacha moyo wake Ihanja. Namjua. Mimi nilikuwa Utemini hivyo hivyo, nikisikia honi ya lori nadhani ni treni ya nyumbani."

"Utamrudisha mapema?"

"Sijui. Leo bado namtaka."

Alhamisi moja, saa za jua kali, basi la Manyoni lilisimama. Raymond alishuka kinyumenyume, mikono ameinyoosha juu, anamsaidia mtu. Ulitangulia mguu wenye kandambili, kisha vitenge viwili tofauti, kisha kikapu chenye kuku aliyetoa kichwa. Mwanamke mzee, mrefu, alisimama juu ya lami akiwa ameziba macho na kiganja kwa sababu ya mwanga. Mimi sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua. Yasinta alisimama. Loyce alikuwa ndani anaosha vikombe vyangu, akasikia kuku, akatoka.

Alikimbia. Safari hii hakusimama kuamkia kwanza. Alimkumba bibi yake tumboni mpaka kikapu kikayumba.

"Nimekuja kuona hiyo Shelui," alisema Magdalena, akitusemesha sisi wote kama mtu anayejitetea. "Tangu nizaliwe sijavuka Singida mjini. Watu wanaisema sana."

Yasinta alipiga goti pale pale barabarani, kati ya makopo ya grisi, akaamkia. Nikawaletea chai. Magdalena aliketi kwenye stuli ya fundi, akaiangalia meza, deki zilizofunguliwa matumbo, nyaya za kila rangi, madereva wanaosubiri. Dereva mmoja wa Kirundi alimwamkia, akamuuliza kama ni mama wa fundi.

"Ndiyo," alisema. "Ni wangu."

Yasinta aliinamia kazi yake, lakini nilikuwa karibu na niliona kwamba kwa muda hakuweza kuona skrubu.

Magdalena alikaa nao mpaka likizo ilipokwisha. Walilala watatu kwenye chumba kile, mtoto katikati. Magdalena hakupenda kelele za malori, hakupenda maji ya chumvi, alisema viazi vyetu havina ladha, na kila siku aliulizia mtama wake kama ndege hawajaumaliza. Lakini jioni alikuwa anakuja kwenye meza yangu, ananisaidia kukanda unga, ananisimulia Naftali alivyokuwa mdogo, mambo ambayo hayakuwa kwenye diski yoyote: alivyoogopa radi, alivyoiba asali akavimba mdomo. Yasinta alikuwa anapunguza sauti ya deki alizokuwa anazijaribu ili asikie. Wakati mwingine alizima kabisa.

Siku ya kuondoka aliwasindikiza mpaka mlangoni mwa basi. Raymond alipakia kikapu, sasa kina sukari na sabuni badala ya kuku. Loyce alikaa dirishani, upande wa bibi. Uso wake ulikuwa na furaha ya kurudi nyumbani, na basi lilipoanza kusogea furaha hiyo ikaondoka ghafla, akageuka, akaweka kiganja kwenye kioo. Yasinta alitembea sambamba na dirisha hatua kadhaa, mpaka basi likamwacha.

Alirudi mezani. Dereva alikuwa anamsubiri na deki ya kukunja, analalamika kwamba sauti ipo lakini kioo ni cheupe, hakuna picha. Yasinta aliipokea, akaifungua na kuifunga mara mbili, akisikiliza pale kwenye bawaba ambapo utepe wa waya hupita.

"Inaanza ukiifungua sana au hata ukiifungua kidogo?" alimuuliza, na sauti yake ilikuwa imetulia, ila macho yalikuwa bado huko mlimani, ambako basi lilikuwa linapanda kwa gia ya chini, dogo, likimetameta, mpaka likapinda.